Kompyuta Juu ya Uchaga

Mwanangu Kemilembe,

Natangaza rasmi, mbele ya mbuzi mmoja na baba yako aliyesinzia kwenye kiti, kwamba leo saa saba na nusu mchana mfuko wa kompyuta yako umekamilika. Umeshonwa kwa koti la mvua lililobaki mkono mmoja, sponji ya godoro ulilolalia shule ya bweni, na zipu ya suruali ya marehemu babu yako, ambayo haikuwa imepata kazi ya maana tangu azikwe. Hotuba hazikuwepo. Mgeni rasmi, yaani mbuzi, alijaribu kula mkanda wa begani akazuiwa.

Barua za namna hii nasikia huandikwa usiku wa kuamkia safari, taa imepunguzwa na mama analia. Mimi usiku nalala. Nakuandikia mchana huu, wewe ukiwa Muleba mjini unasukwa nywele, kwa sababu saa kumi natakiwa kwenda kwa Shangazi yako Leokadia, na nataka niwe nimeshaandika sehemu ngumu kabla sijapata kisingizio cha kutokwenda.

Habari za kula, sweta na kutokaa pembeni ya boti sitaziandika. Nimezisema tangu Jumatatu, mpaka umeanza kunijibu "ndiyo, waitu" kama mtu anayemjibu mwenyekiti wa kijiji. Nataka kukuandikia habari za kompyuta. Zipo mbili, hii uliyonunua na ile ya zamani, na itabidi nianze na hii kwa sababu ndiyo iliyonikumbusha ile.

Siku tulipokwenda Bukoba kuinunua ulidhani nimekuja kukusaidia kuchagua. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kwamba kazi yako ya friji za chanjo ni ya miezi mitatu ya majaribio, kwamba fundi anakuja na kompyuta yake mwenyewe, na kwamba ikikufia huko visiwani, majaribio yameishia hapo. Nilijua pia kwamba fedha tuliyokuwa nayo ni ya kompyuta moja, haina mdogo wake. Kwa hiyo niliingia dukani na mwavuli wangu na uso wa mtu asiyedanganyika.

Yule kijana muuzaji, mwenye shati lililonyooshwa mpaka linatisha, akakuletea ile nyembamba ya rangi ya fedha. Nakiri, ilikuwa nzuri. Nilipoishika nilihisi nimegusa kitu cha altareni ambacho si ruhusa yangu.

"Hii ndiyo wanayotumia watu wa ofisini," akasema.

"Ofisini kwao mvua inanyesha ndani?" ukamuuliza.

Akacheka kidogo, cheko la biashara. Wewe ulikuwa umeshainama unatazama chini ya meza, ambako kulikuwa na kitu cheusi, kinene, kimebebeshwa printa.

"Ile pale."

"Ile? Dada, ile ilikuwa ya watu wa migodini. Nzito. Sasa wewe unanunua kompyuta au jiwe la kusagia?"

"Jiwe la kusagia limewahi kukuharibikia?"

Akanitazama mimi, kama anayeomba msaada kwa mtu mzima. Nikatazama mwavuli wangu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoninyamazisha, na ukaniuliza ndani ya basi, "Mama, mbona kimya?" nikasema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Ulitoa ile printa, ukapangusa vumbi kwa kiwiko. Ukaishika kompyuta kwa pembe moja tu ya skrini ukaining'iniza, na kijana wa watu akafumba macho. Ukafungua na kufunga bawaba zake karibu na sikio, unasikiliza, kama anayegonga nazi asiye na haraka. Ukatoka nayo nje kwenye jua la saa sita uone kama maandishi yanasomeka. Ukalowesha vidole kwenye chupa yangu ya maji ukaandika navyo. Halafu ukatoa bisibisi.

"Dada, ukifungua dhamana inakufa."

"Dhamana yako ya wiki moja?"

"Wiki mbili," akasema kwa heshima.

Ukaifungua tumbo. Nikachungulia begani kwako. Nilikuwa sijaona ndani ya kompyuta iliyo hai, Kemi. Nimewahi kuona moja tu, nayo ilikuwa maiti, nitakueleza. Hii ilikuwa kama mji unaoonekana kutoka kwenye ndege, na mimi ndege sijapanda, nakisia tu. Barabara za shaba, majumba meusi yenye majina, na kila kitu kimekaa kana kwamba kuna mtu aliyekipangia kiwanja. Ukapuliza feni kidogo, ukasema, "Safi," kwa sauti ya daktari aliyezoea, ukafunga.

Kisha ukatoa kwenye mkoba kile kisanduku cha friji ya chanjo ulichopewa chuoni cha kujifunzia. Tulikuwa tumekaa nacho ndani ya basi tangu Ijumbi, mimi nikidhani ni betri. Ukatafuta kwenye kompyuta tundu lile la kizamani lenye pini tisa, ambalo ile nyembamba haikuwa nalo na kijana alisema halitumiki tena duniani. Ukachomeka waya. Ukangoja. Na kisanduku kikaanza kusema. Kikakueleza joto la kila saa, siku ambayo jua lilikuwa dogo, siku ambayo mtu aliacha mlango wa friji wazi na saa aliyokumbuka kuufunga. Ulikuwa unasoma huku unatikisa kichwa, kama anayesikiliza habari za jirani.

Nilikuwa nimesimama katikati ya duka nimefungua mwavuli. Sikumbuki niliufungua saa ngapi. Bei yake ilikuwa nusu ya ile nyembamba, na bado ulimpunguza mpaka akatutolea na begi la bure, lile ambalo zipu yake ilikufa kabla hatujafika stendi.

Sasa ile ya zamani.

Unajua kwamba nilichaguliwa kutunza pampu ya maji ya kijiji kwa sababu mbili, nyumba yetu kuwa karibu na mimi kujua kusoma. Kitabu cha pampu kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma na kamusi msimu mzima wa senene, watu wengine wakiwa wanakamata chakula. Kiingereza changu chote nilikitoa mle, ndiyo maana siwezi kumsalimia Mzungu lakini naweza kumwambia apunguze shinikizo.

Pampu ya dizeli ilipoondolewa ikaletwa ya jua, akaja injinia mmoja kutoka mradi uliotujengea, mtu mpole, mrefu, anayenawa mikono hata kabla ya kushika spana. Pampu ilikuwa inasita mchana bila sababu. Nilikuwa nimehangaika nayo siku nne. Nimefungua kila kilichofunguka. Yeye akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafungua kompyuta, akachomeka waya kwenye kisanduku cha ukutani, na kwenye skrini ukatokea mstari wa kijani.

"Mama, haya ndiyo maji yako," akasema.

"Yako wapi?"

"Chini. Mita kama sitini hivi."

"Unayaona?"

"Tunayaona."

Alisema "tunayaona", akanisogezea ile ndoo. Mstari ulishuka asubuhi watu walipochota, ukapanda mchana taratibu, ukashuka tena jioni, kama kifua cha mtu aliyelala. Nilikuwa nimeyanywa maji yale kwa miaka, nimekufulia nayo nepi, na sikuwahi kuwaza kwamba chini kule yana asubuhi na jioni. Nilipotoka nje nilitembea polepole, kama mtu anayepita juu ya paa la nyumba ya watu wenye usingizi.

Injinia alipoona uso wangu hakucheka. Aliniachia kompyuta yao moja iliyokuwa imechoka, akanifundisha kuchomeka waya kila asubuhi na kuhifadhi ule mstari, ili baada ya misimu kadhaa ijulikane kama kisima kinashiba au kinakonda. Nikafanya hivyo miaka miwili. Sijawahi kuipenda kazi yoyote kama ile. Baba yako alisema ningeweza kuolewa na kisima, nikamwambia kisima hakikoromi.

Halafu zikaja zile mvua za masika. Unazijua. Viatu vikiachwa siku mbili vinaota ndevu, misale ya kanisani inanata kurasa. Nikaingiwa na hofu juu ya kompyuta. Nikajiuliza, sisi kitu kisichotakiwa kuoza tunakiweka wapi? Jibu halikuhitaji shule. Mama yangu aliweka mbegu zake juu ya uchaga wa jikoni, ule wa miti juu ya mafiga, na mama yake vivyo hivyo, na hakuna mwaka walioomba mbegu kwa jirani. Nikaifunga kompyuta kwa majani makavu ya mgomba, nikaikaza kwa kamba za mgomba, kifurushi kizuri ambacho bibi yako angekisifu, nikaipandisha juu kati ya maharage ya mbegu na kibuyu. Chini yake nikaendelea kupika.

Wala sikuwa mjinga anayejua kwamba ni mjinga. Nilikuwa najisifu. Niliona nimeoanisha akili ya wazee na akili ya kiwandani, na nikawaza siku moja injinia atawafundisha wengine.

Ilivumilia wiki tatu. Kila asubuhi niliishusha, nikaifuta, nikachukua mstari wangu, nikairudisha. Nilisikia feni yake inavuta kwa shida kama mzee anayepanda mlima wa Kamachumu, nikadhani ni baridi, nikaisogeza katikati zaidi, juu kabisa ya moto. Siku ya mwisho iliwaka, ikatoa harufu ya samaki mkavu, ikazima. Nilipoifungua kwa kisu, ndani palikuwa kama ndani ya kiko. Lami. Kidole changu kilitoka cheusi. Miaka miwili ya maji ilikuwa humo, na hakuna mahali pengine ilipokuwa imeandikwa.

Kosa hilo sijawahi kulionea haya sana. Leo ningemcheka mtu aliyelifanya, halafu ningempa chai. Linalonisumbua ni la siku mbili baadaye, na ni fupi.

Injinia alipiga simu. "Mama, wiki hii hujanipa habari za maji, kuna nini?"

"Kompyuta imekufa."

"Imekuwaje?"

Nikamwambia, "Radi."

Sijui lilitoka wapi neno lile. Nadhani lilikuwa karibu tu. Huku kwetu radi haihitaji shahidi.

"Ilipiga lini?"

"Juzi jioni."

"Hapo hapo kwenye pampu?"

Kemi, alinifungulia mlango. Ningesema hapana, nyumbani, ikaishia hapo. "Hapo hapo," nikasema, nikaufunga mwenyewe.

Alikuwa mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu ukimdanganya anafanya kazi kubwa. Akaagiza pampu izimwe mara moja mpaka ikaguliwe yote, isije ikaua mtu. Akaja na mafundi wawili, wakafungua ukuta, wakavuta nyaya zote kutoka kisimani, wakatafuta mahali radi ilipoingilia. Hawakupaona. Injinia aliniambia kwa mshangao, "Mama, sijawahi kuona radi safi namna hii." Siku tisa. Siku tisa kijiji kizima kilirudi kuchota kule bondeni kwenye chemchemi ya zamani, kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu, mvua inanyesha. Siku ya sita Shangazi Leokadia alianguka na dumu lake, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Ule mkono unaouona umepinda unapopokea sahani. Watu wengine husema alizaliwa nao.

Baada ya hapo mradi ukatuletea fimbo ya kuzuia radi, ile iliyosimama pale kwenye nyumba ya pampu mpaka leo. Kulikuwa na sherehe. Nilipiga makofi. Ilipofika Krismasi radi yangu ilikuwa na rangi ya bluu, ilikuwa imeingilia dirishani ikatokea mlangoni, na baba yako, ambaye siku niliyoitaja alikuwa Bukoba kwa dada yake, alikumbuka vizuri mlio wake.

Na wewe ulikuwa darasa la tatu. Ulikwenda ukasimama chini ya ile fimbo na sare yako, umeinua shingo.

"Mama, radi ikishuka kwenye chuma hiki inakwenda wapi?"

"Ardhini."

"Halafu?"

Halafu sikuwa nayo. Nimekaa nikikuona unaitafuta, kwenye redio ya baba yako uliyoifungua isirudi, kwenye vitabu, kwenye chuo cha ufundi. Siku ya usaili chuoni nilikuwa nimekaa nje chini ya dirisha, na nikakusikia unawaambia, kwa Kiswahili chako cha shule kilichonyooka, kwamba ulianza kupenda umeme kwa sababu ya radi iliyoua kompyuta ya mama yako. Walicheka vizuri wale walimu. Nikabaki nimeshika kikapu cha ndizi nilichowaletea.

Hakukuwa na radi, mwanangu. Kulikuwa na maharage niliyokuwa napika.

Najua ninachokifanya. Kesho asubuhi unashuka mwaloni unapanda boti kwenda kisiwa cha Bumbire, na mama yako anakung'olea jiwe la msingi ukiwa bado unaezeka. Nimelifikiria. Ningeweza kukaa kimya, na friji zingeendelea kupoza. Lakini nilipokuona dukani umening'iniza ile kompyuta kwa pembe yake moja, unaitafutia kosa mapema ili isije ikakuficha, niliona aibu ya aina ambayo sikuijua, aibu mbele ya mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Na kuna jambo la kazi pia. Kompyuta ile nyeusi itakufa. Ni nzuri, na itakufa, iwe mwakani iwe mwezi ujao, kwa sababu zote hufa, na huenda ikafa kwa kosa lako, siku ambayo muuguzi wa zahanati amesimama nyuma yako na friji imejaa chanjo za watoto wa wavuvi. Siku hiyo utatazama nje. Huko ziwani kuna visingizio vizuri kuliko popote nilipowahi kufika. Kuna mawimbi. Kuna wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua, wanaoziba feni, pua na sala. Kuna radi, tena ya kweli. Chochote utakachosema wataamini, na mtu wa mbali atafanya kazi kubwa kwa sababu amekuamini. Sikuagizi lolote hapo. Nimekuonyesha tu nani alibeba dumu langu.

Saa kumi imefika. Mbuzi amefungwa. Naenda.

Nimerudi. Ni jioni, wewe bado hujafika, baba yako ameamka anauliza kama kuna chai.

Shangazi yako alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi, kisu mkono wa kulia, ndizi imeshikwa na ule mwingine. Akanipa kahawa ya kutafuna kama mgeni, nikajua ananiona nimekuja na jambo.

"Wifi, nina neno."

"Kama ni mchango wa safari ya mtoto, mkungu wake upo pale, mje mbebe wenyewe."

"Siyo hilo. Ni ile radi."

"Imepiga tena?"

"Haikupiga hata mara ya kwanza."

Nikamweleza yote. Uchaga, moshi, simu, "hapo hapo". Hakuacha kumenya. Alimaliza ile ndizi, akaitia majini, akachukua nyingine, akaishika tu.

"Uchagani," akasema.

"Uchagani."

"Pamoja na maharage."

"Pamoja na maharage."

"Na maharage yaliota?"

"Yaliota vizuri."

"Basi uchaga usiusingizie."

Akageuza ule mkono akautazama upande wa ndani, kama mtu anayesoma saa aliyoivaa kwa miaka na leo ameambiwa haikuwa sawa.

"Siku ile nilikaa kwenye tope," akasema, "nimeshika mkono wangu, nikasema moyoni, kama ni radi ya Mungu, nani nitamuuliza. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, Mama Kemi. Kumbe mtu wa kumuuliza alikuwepo. Anakaa nyumba ya tatu. Ananiletea uji."

Ni kweli, nilimpelekea uji miezi miwili. Watu walinisifu.

Nilisema nisamehe. Nilisema kwa Kihaya, kwa sababu kwa Kiswahili lilikuwa linasikika kama tangazo. Yeye alimenya ile ndizi.

"Na mimi kule jumuiya nimewaambia radi inanijua kwa jina," akasema baadaye. "Kila mvua ikianza wananikalisha katikati. Sasa nitawaambia nini?"

"Nitawaambia mimi."

"Jumamosi. Wewe mwenyewe, umesimama. Mimi nitakaa mbele nisikie vizuri, maana sikio hili nalo limeanza."

"Sawa."

"Na kahawa yangu hiyo yote imeota magugu."

"Nitapalilia."

"Sikukuuliza." Akatia ndizi majini. "Mtoto anajua?"

"Namwandikia."

"Mwambie ile fimbo msiing'oe. Radi yenyewe ipo njiani, haina haraka."

Nilirudi kwa njia ya pampu. Wingu lilikuwa linatoka upande wa ziwa, zito, la rangi ya sufuria, na ile fimbo ilikuwa imesimama mbele yake, imenyooka, imewekwa pale na uongo wangu na haijui, iko tayari kabisa. Nikasimama nikaiangalia. Nyuma yake nikasikia pampu inazima, jua limekwisha, na chini yake, mita sitini, nilijua yale maji yanapanda taratibu kwa sababu watu wamemaliza kuchota. Nikakufikiria wewe. Kutoka kwenye neno moja nililolisema kwa woga, ametoka binti anayeweza kukaa mbele ya kisanduku kimya kikamweleza kila kitu. Nimeligeuza jambo hili pande zote, kama unavyogeuza mashine, na sioni mahali pa kufungulia. Nimeliacha hivyo. Nadhani hata nikifa nitakuwa bado nalishangaa.

Ukinikasirikia, kasirika. Usiache tu kwenda. Wale walimu walikupokea kwa sababu ya ulichokijibu baada ya lile swali la kwanza, nami nilikuwa dirishani, nilisikia majibu yote, na hakuna hata moja nililolielewa.

Nasikia sauti yako pale kwenye migomba unabishana na baba yako kuhusu chai. Barua hii nitakupa mkononi, kabla ya chakula, ili usiisomee kwenye boti mahali nisipoweza kukuona.

Mimi mama yako, ninayepaswa kuogopa Jumamosi na naiogopa kweli.

Bado kuna jambo moja, na hili nalisema leo leo. Jana ulipokwenda kuaga parokiani uliniomba niiache kompyuta iwake bila waya nihesabu betri yake inakaa muda gani. Uliporudi nilikwambia saa nne, kwa sababu ulikuwa na furaha. Ni saa moja na dakika ishirini.